Maneno Yaliyonywewa

Kwaru, kwaru, kwaru.

Klementina alisimamisha jiwe la kusagia, akatega sikio. Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, upande wa zizi. Alidhani ni mbuzi anajikuna ubavu kwenye udongo alioupaka kwa mikono yake mwenyewe juzijuzi tu. Akafoka, "Toka hapo, mharibifu wee!"

Ikakoma. Kisha kwaru, kwaru tena, na sauti ya mtu ikafuata, polepole, kama ya anayelamba asali ya moto: "Hedi... kwo... tazi. Hedikwotazi."

Mbuzi hasemi Kiingereza. Klementina alimfunga mwanawe Sayi mgongoni, akaizunguka nyumba.

Mumewe Mayala alikuwa amechuchumaa na kipande cha mkaa mkononi. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umejaa herufi nyeusi, kubwa, zilizobanana kama ng'ombe kwenye josho. Chini, mbele ya magoti yake, yalitandazwa magazeti ya Kiingereza, yale ambayo Mustapha, mwenye duka kule Bariadi, hufungia sukari na majani ya chai. Kulikuwa pia na karatasi iliyobanduliwa kwenye kopo la dawa ya pamba, kipande cha gunia la mbolea, na boksi tupu la vidonge.

"Baba Sayi," Klementina alisema, "ukuta wangu umekukosea nini?"

"Usinishtue, nawinda."

"Unawinda nini ukutani?"

"Hii." Mayala aligonga herufi moja kwa mkaa. "Inaitwa X. Tazama miguu ilivyotanuka, kama mtu anayekataa kukamatwa. Na hii ni Q, yai lenye mkia. Katika Kiswahili hizi hazina kazi, ndiyo maana siku ya ngoma kaka yako atanirushia hizo hizo. Basi natafuta maneno yaliyozibeba. Lakini yawe marefu, mama Sayi! Marefu kuliko kamba ya kisima."

Alikuwa kijana mwembamba mwenye shingo ya jogoo, manju, yaani kiongozi wa nyimbo, wa kundi la ngoma la Bagalu. Herufi alizipata kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya banda la pamba, kwa Mwalimu Joakim. Aliweza kulitamka neno lolote aliloliona, ila kwa Kiingereza hakujua maana ya hata moja. Maana hakuitaka. Alitaka urefu.

Kila mwaka pamba ikishauzwa, Bagalu na wapinzani wao Bagika hucheza ubavu kwa ubavu uwanja mmoja, saa ile ile, na anayeamua mshindi ni miguu ya watu: duara litakalojaa ndilo limeshinda. Mwaka uliopita manju wa Bagika, Salu, kaka yake Klementina, aliyewahi kuwa karani wa mizani kule Kasoli, alikatiza wimbo katikati akatamka neno moja la Kiingereza refu kama treni. Watu wakapiga yowe, wakamkimbilia.

"Nilibaki na mpiga ngoma na mbwa," Mayala alisema. "Hata mama yangu mzazi aliondoka. Mama yangu, mama Sayi! Mwaka huu hataondoka."

Akageukia ukuta. Klementina alirudi kwenye jiwe lake. Tangu siku hiyo alisaga mtama huku akiyasikia maneno yakipenya udongoni, jioni baada ya jioni, mpaka mikono yake ikawa inakwenda kwa mapigo ya maneno hayo.

Habari yenyewe hasa aliipata kisimani. Mto ulikuwa umekauka, wanawake wakichimba mchanga na kungoja maji yajichuje. Jirani yake Eufrasia alikuwa amekalia ndoo yake, mdomo tayari.

"Ng'wadila, mayu," alimsalimia.

"Ng'wadila."

"Pole na safari."

"Safari gani? Mimi siendi popote."

"Si wewe. Kilimo." Eufrasia aliangalia pembeni, kisha akaangalia wenzake. "Tumesikia anahamia kwa kaka yako."

Wanawake wakainamia mashimo yao, kila mmoja akichota maji ambayo hayajajaa kata.

Nyumba ya Mayala ilikuwa na maksai wawili wa kulimia, Siasa na Kilimo. Mayala ndiye aliyewapa majina hayo, wakati kaulimbiu ya "Siasa ni Kilimo" ilipokuwa imebandikwa kila mlango wa ofisi. Siasa walimnunua. Lakini Kilimo alizaliwa na mtamba ambaye marehemu baba yake Klementina alimkabidhi bintiye kamba yake mbele ya wazee, siku alipoolewa. Mtamba alikufa kwa ndigana. Kilimo akabaki, na shamba zima likawa juu ya shingo yake, kwa maana Siasa alikuwa mvivu. Asipovutwa na mwenzake hulala kwenye mtaro.

Klementina aliiacha ndoo mchangani. Alimkuta mumewe anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Umemwekea dau Kilimo?"

Mayala alitafuna akameza. "Nani kakuambia?"

"Kisima kizima. Mimi mwenye ng'ombe nimekuwa wa mwisho kujua."

"Ng'ombe ni wa mji, na mji una mwenyewe. Dau limewekwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, haliondoki."

"Na Salu ameweka nini?"

"Maksai wake mwekundu."

"Yule anayemlimia mama?"

"Huyo huyo."

Klementina alikaa chini bila kuchagua mahali. Mama yake, bibi Wilhelmina, aliishi kwa Salu, mgongo umepinda, meno yamekwisha, na alichokula kilitoka kwenye mitaro ya yule maksai mwekundu.

"Kwa hiyo ukishinda, mama yangu analala njaa," alisema. "Ukishindwa, nalala njaa mimi na mwanao. Mkaweka dau nyinyi wawili, matumbo yakawa yetu."

"Nikishinda utampelekea mtama."

"Na ukishindwa nani ataniletea?"

Mayala alisimama. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Neno kushindwa lisitamkwe ndani ya nyumba hii! Kaka yako alinivua nguo mbele ya watu, nawe unataka nitembee uchi mpaka nife?"

"Nguo ulivuliwa wewe. Ng'ombe ni wangu."

Mayala alimpa mgongo. Alitoka, na punde kwaru, kwaru ikaanza tena, kwa hasira, hata mkaa ukasikika ukivunjika.

Siku ya ngoma ilipokaribia, alikuja Mashimba, mganga wa Bagalu, akivuta mguu mmoja. Hakuna manju anayeingia uwanjani bila dawa. Hata Salu, pamoja na suruali yake ya kukunja marinda, alikuwa na mganga wake. Mashimba aliuangalia ukuta kwa muda mrefu, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Haya ndiyo maneno?"

"Ndiyo haya, baba."

"Mbona yapo nje?"

"Yakae wapi?"

"Mwenzako akipita hapa akayagusa, si yake? Ukuta hauna mwenyewe." Mashimba alitoa ndani ya mkoba wake sahani ya mti. "Yaandike hapa kwa mkaa. Moja moja. Tutayaosha kwa maji ya dawa, utayanywa. Ukishakunywa, lisibaki hata moja duniani nje ya tumbo lako. Karatasi tuchome, ukuta usilibwe. Na tangu hapo mpaka ngoma iishe, usiseme na mkeo wala usimtazame. Macho ya mwanamke hufungua tumbo."

Klementina alikuwa mlangoni. "Na akisahau?" aliuliza.

Mayala alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Mtu husahau alichosikia, mama Sayi. Nani amewahi kusahau alichokula?"

Mashimba aliinamisha kichwa kuunga mkono, kwa heshima kabisa, kwa sababu ilikuwa hoja nzuri.

Basi Mayala aliandika, akaosha, akanywa. Maji yalikuwa meusi na machungu, aliyanywa amefumba macho. Alikunywa hedikwotazi, akanywa lile refu la kwenye boksi la vidonge, akanywa magazeti ya Mustapha yote. Karatasi zilipochomwa aliziangalia zinavyojikunja, midomo yake bado myeusi. Mganga aliondoka na beberu wa ujira wake.

Klementina alikanda udongo na mavi ya ng'ombe. Alisiliba ukuta kuanzia juu kwenda chini, kiganja kwa kiganja, na kila mstari ulipotoweka alihisi kama anamzika mtu asiyemjua jina. Alipomaliza, ukuta ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Mumewe alipita karibu naye bila kumtazama, tumbo mbele, kama mjamzito.

Uwanja ulikuwa kando ya ghala la pamba. Jua lilikuwa kali, vumbi limesimama, ngoma za pande mbili zinagombana hewani. Watu walitoka Kasoli, wengine hadi Lagangabilili. Kilimo na yule mwekundu walifungwa kwenye mti mmoja, wakilambana shingo.

Mwenyekiti wa kijiji alipanda juu ya robota la pamba akaeleza masharti. Kila manju atamrushia mwenzake herufi. Aliyerushiwa ataimba neno au msemo mrefu wa Kiingereza wenye herufi hiyo. Mwalimu Joakim ataamua kama ni Kiingereza kweli. Manju atasema neno amelitoa wapi. Maneno yakiwa halali, miguu ya watu itaamua. Neno likiwa la uongo, aliyelisema amepoteza dau.

Mayala alirusha wa kwanza. "Z!"

Salu alivuta suruali juu, akazunguka mara moja, akaachia: "Indastrialaizesheni! Nimelitoa gazetini!"

"Halali!" alisema Mwalimu Joakim.

Yowe likapanda. Watu wakaanza kumiminika kwa Bagika.

"C!" Salu alirusha, anatabasamu.

Mayala alifumba macho, akashika tumbo kwa mikono miwili. Njuga zake zikanyamaza. Halafu kifua chake kikafunguka, sauti ikatoka, nene, ya mtu aliyezaliwa kuimba: "Kipi auti ofu richi ofu childreniii!" Akairudia kwa mapigo, mpiga ngoma akaidaka, wacheza ngoma wakaigeuza kiitikio, miguu hamsini ikakanyaga kwa pamoja. "Nimelitoa kwenye kopo la dawa ya pamba!"

"Maana yake nini, Mwalimu?" mtu aliuliza.

"Weka mbali na watoto."

"Basi huyo mwenyewe awekwe mbali!" alipiga kelele mzee mmoja wa Bagika. Watu walicheka, lakini miguu ilikuwa imeshaamua. Duara la Bagalu lilijaa likapasuka, watoto wakapanda mabegani mwa baba zao. Klementina alimwona mama mkwe wake mbele kabisa, anapiga vigelegele. Alimwona mumewe akimwona mama yake. Kwa dakika hiyo moja alimsamehe karibu yote.

Salu hakutabasamu tena. Alisogea, akanyoosha kidole.

"Q!"

Mayala alifumba macho. Akashika tumbo. Ngoma zikangoja. Tumbo halikusema kitu.

Alikandamiza upande mmoja, akakandamiza mwingine. Jasho lilimtiririka likachora mistari kwenye chokaa aliyojipaka usoni. Klementina alijipenyeza mpaka mbele. Midomo yake ilikuwa tayari imelishika neno: hedikwotazi, hedikwotazi, aliikunja na kuikunjua bila sauti, akapunga mkono. Angemtazama tu, angelisoma usoni pake. Mayala alihisi ni yeye. Akageuza uso upande wa pili, upesi, kama mtu aliyeona nyoka. Mwiko ni mwiko.

"Tunakusubiri, shemeji," alisema Salu. "Au limetoka njia nyingine?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe wake Klementina aliacha kupiga vigelegele.

Ndipo Mayala akafungua kinywa. "Kwistandarambuleshenimenti!" aliimba. Lilikuwa na milima na mabonde neno lile, lilikuwa na mkia. Bagalu wakalidaka wakalicheza. Halikuwahi kusikika neno tamu kama hilo katika uwanja ule.

"Mwalimu?" aliuliza mwenyekiti.

Mwalimu Joakim alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kiingereza ni kipana," alisema.

"Lipo au halipo?"

"Siwezi kusema halipo. Siwezi kusema lipo. Mwenyewe aseme amelitoa wapi."

"Ukutani kwangu!" Mayala alisema. "Niliyaandika yote ukutani kwangu!"

"Ukuta umesilibwa," alisema Salu. "Kila mtu ameuona. Na aliyeusiliba ni dada yangu. Basi dada aseme. Alikaa ndani akimsikia mumewe anayasoma kila jioni, alilalamika mwenyewe kwa mama. Klementina! Neno hilo uliwahi kulisikia?"

Duara liligeuka. Nyuso zote zikawa za kwake.

"Mimi sijui kusoma," alisema.

"Masikio si unayo?"

Sayi alijinyoosha mgongoni, akalia kidogo, akanyamaza. Klementina alimwangalia mumewe. Sasa Mayala alikuwa anamtazama, mwiko au si mwiko. Macho yalikuwa mekundu, na hayakuwa yanaomba, yalikuwa yanaamuru. Alimwangalia kaka yake. Yeye alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshapokea kamba mkononi. Neno moja, ndiyo, na mwekundu angelala zizini kwake leo. Nani angejua? Mwalimu mwenyewe hajui.

Kisha akamwona mama yake. Bibi Wilhelmina alikuwa amekaa chini kati ya wanawake, fimbo mapajani, anaangalia vumbi. Hakuinua uso. Hakutaka mwanawe auone uso huo akiwa anachagua.

"Yote niliyasikia," Klementina alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hedikwotazi nililisikia. Hilo la leo sijawahi kulisikia. Amelitunga sasa hivi."

"Hedikwotazi!" Mwalimu Joakim alijipiga paja. "Makao makuu! Lina Q, tena refu! Hilo lingekuwa halali!"

Mlio uliotoka kwa Bagalu haukuwa yowe wala kilio. Mayala alisimama pale pale, mdomo wazi.

"Dau ni dau," alisema mwenyekiti, akashuka kwenye robota.

"Bagalu wamebaki na Siasa!" alipiga kelele yule mzee. "Kilimo kimekwenda!" Kicheko kikazunguka uwanja kama moto wa nyasi.

Salu alifungua kamba. Kilimo hakukataa, alimfuata kama anayekwenda malishoni. Alipofika mbele ya dada yake, Salu alipunguza mwendo.

"Twende kwa mama leo, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Yule atakuua."

"Usiniite dada leo. Ulinishika kama fimbo ukampigia mtu."

"Nilijua hutasema uongo."

"Ndiyo maana nakuambia." Aliweka kiganja kwenye paji la Kilimo, pale nywele zilipozunguka, akakiondoa. "Mimi nina nyumba yangu."

Alifika nyumbani akiwa amewatangulia watu waliotoka uwanjani. Siasa alikuwa zizini peke yake, analia kwa sauti ndefu, anangoja, analia tena.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Klementina aliizunguka nyumba. Mayala alikuwa amepiga magoti, bado amevaa njuga, anakwangua udongo mpya kwa ncha ya panga. Vipande vilianguka mapajani pake. Palipokwanguka pote palikuwa peupe. Mkaa ulikuwa umebanduka pamoja na udongo, na alichopata ni doa moja jeusi ambalo halikuwa herufi yoyote.

"Acha," Klementina alisema.

"Lilikuwepo."

"Acha, baba Sayi."

"Lilikuwepo! Uliniua mbele ya mama yangu. Mwanamke anayemfanyia hivyo mumewe hurudi kwao, na wewe unalijua hilo. Mbona hukwenda? Kaka yako si amekuita? Nimeona!"

"Amekuja kuniita mtu aliyemchukua Kilimo. Ningemfuata nikale nini, aibu?" Hakupaza sauti. "Nifukuze kama unataka. Lakini kwanza niambie mimi, hapa hatuna manju wala mwalimu. Neno lile lilikuwepo?"

Siasa alilia. Barabarani zilisikika sauti za watu wakirudi kutoka uwanjani, mmoja anaiga: kwistandara, kwistandara, na wenzake wanacheka.

Panga lilidondoka.

"Halikuwepo," alisema Mayala. Alizungumza na ukuta. "Nilitafuta tumboni, palikuwa peupe. Kama hapa."

Klementina alikaa juu ya jiwe, akamshusha Sayi, akampa ziwa. Alingoja. Mumewe alifungua njuga za mguu mmoja, kisha za mwingine, kila moja ikilia kidogo.

"Mvua ikinyesha, Siasa hatalima peke yake," alisema mwishowe.

"Hatalima. Atalala."

"Nitalima mimi. Kwa jembe la mkono."

"Unaniambia kwa sauti ya mgonjwa. Kilimo hukumweka dau nyuma ya nyumba. Ulimweka hadharani, mbele ya watu."

Mayala aliinua kichwa. Alizisikia sauti barabarani, zimefika usawa wa nyumba. Kwa kitambo Klementina alidhani atakimbilia ndani na kufunga mlango. Shingo ile ya jogoo ilijikaza. Akasimama, chokaa na jasho usoni, mavumbi ya ukuta magotini, akatembea mpaka mbele ya nyumba, mahali anapoonekana na kila apitaye. Klementina alimfuata na mtoto kifuani. Watu wakasimama, Eufrasia akiwa mbele, wakisubiri waone atapigwa vipi.

Mayala aliwapa watu mgongo. Alimtazama mkewe, na akaitoa ile sauti yake ya uwanjani, yote, bila ngoma:

"Klementina! Wasikie na hawa wanaocheka! Mvua ya kwanza ikianguka, nitalilima shamba lako lote kwa mkono, la mtama na la pamba, na lile la bondeni. Wakija kunicheka wanikute mtaroni. Na Kilimo nitamrudisha zizini mwako, nikimkomboa kwa mgongo wangu, si kwa mdomo!"